Jinsi ya Kufunga Kamera Dukani na Bado Ukaibiwa kwa Heshima

Vuta kiti, bosi. Una duka, una stoo nyuma yake, una vijana wanne kaunta, na mwisho wa mwezi hesabu imegoma kukaa. Jirani kafunga kamera nane na tangu siku hiyo anatembea kifua mbele. Nawe unazitaka. Kuzitaka si dhambi. Kila mtu anapenda duka lake lionekane la mtu makini, na kamera ukutani inasema hivyo kabla mwenyewe hujafungua mdomo.

Njia ziko mbili. Moja ni ya kazi. Nyingine ni ya mkato, ambayo wenye maduka wengi wameipita, kuanzia Kariakoo hadi Mwanjelwa, na mwisho wake ni kuibiwa kwa heshima: mzigo unaondoka, ila unaondoka huku watu wakiamini umerekodiwa. Nitakupitisha kwenye hii ya mkato, hatua kwa hatua. Kila penye gharama nitakuonyesha, maana hela ni yako na jasho ni lako.

Hatua ya kwanza: nunua kwa idadi

Ukifika kwa muuzaji, sema "nataka kamera nane". Usiseme unataka kuona nini. Fundi anayeijua kazi atakuuliza: unataka kujua kwamba kuna mtu, au unataka kujua mtu huyo ni nani? Likwepe swali hilo, kwa sababu jibu lake linapunguza kamera na kuongeza kufikiri.

Kufikiri kwenyewe ni huku. Kiwango cha Ulaya cha kazi hii, EN 62676-4, kinataka vitone 250 vya picha kwa kila mita ili mtu usiyemfahamu atambulike usoni. Kamera ya kawaida ya megapikseli 2 ina vitone 1,920 kwa upana. Gawanya: eneo unalolitazama lisizidi mita 7.7 kwa upana. Sasa ile lenzi pana ya milimita 2.8, inayopendwa kwa kuwa "inaona duka zima", inafikisha upana huo mita tatu tu kutoka pale ilipofungwa. Mtu akisimama mita kumi, uso wake mzima, sikio hadi sikio, unaambulia vitone kama 12. Ukuze uso huo kwenye skrini utakavyo. Utaona shati, utaona na kitu cha rangi ya ngozi juu ya shati, basi. Mama yake mzazi hatamjua.

Kwa hiyo ukitaka kushindwa vizuri, tundika lenzi pana kwenye kona ya mbali kabisa, kisha waonyeshe wageni jinsi unavyoona kila kitu. Mwenzako aliyefunga kamera mbili tu, moja mlangoni karibu na usawa wa uso na nyingine juu ya droo ya pesa, ametumia sehemu ndogo ya hela yako na amepata sura na mikono. Anaonekana mnyonge mbele za watu, hilo siwezi kukuficha.

Mkato mfupi zaidi ni kamera ya bandia, ile yenye kitaa chekundu kinachowaka na kuzima. Kwa mpita njia inaweza kumtia mtu wasiwasi. Kwa kijana wako anayefuta vumbi asubuhi haina siri hata siku moja, maana ataona haina waya. Na anayejua kwamba duka lina kamera ya uongo amekwisha kujua jambo kubwa kuhusu mwenye duka.

Hatua ya pili: ipandishe darini

Mwambie fundi aiweke juu kabisa, "wasiifikie". Huko juu itakupigia picha safi za kofia. Kisha ielekeze mlangoni, jua la saa nane mchana likiwa mgongoni mwa kila anayeingia. Wateja wote watatokea weusi tii. Zipo kamera zinazosawazisha mwanga wa namna hiyo, mafundi wanaziita za WDR. Usiulize.

Ya nje, ya usiku, ni rahisi zaidi kuiharibu: iache tu. Mwanga unavuta wadudu, wadudu wanamvuta buibui, na buibui anatega palepale mbele ya lenzi. Uzi mmoja wa utando ukipigwa na taa za kamera unatokea mweupe pee, mnene, ukipepea mbele ya lango la stoo usiku kucha, na nyuma yake huoni kitu. Ngazi, kitambaa kikavu na dakika tano kila mwezi ndiyo dawa.

Hatua ya tatu: bania kwenye diski

Huu ndio mkato mtamu kuliko yote, nami nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wazima wakitaka kulia.

Kamera moja ya megapikseli 2 ikirekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde, kiasi cha kawaida, inakula gigabaiti 43 kwa siku. Tuseme umepunguza zikawa nne: zinakula 173. Diski ya terabaiti 1, ile uliyowekewa ndani ya seti ya bei nafuu, inajaa kabla siku ya sita haijaisha. Mashine ya kurekodia haitakupigia simu. Inarudi mwanzo na kuandika juu ya picha za zamani, kimya kimya, ndivyo ilivyoundwa.

Sasa fungua kalenda. Wewe unahesabu mzigo mwisho wa mwezi. Katoni tatu za mafuta ya kupikia ziliondoka tarehe 4. Unagundua tarehe 30. Unawaita vijana wasimame mstari, unawasha skrini, unarudisha nyuma, unarudisha tena, na picha ya zamani kuliko zote iliyomo ni ya tarehe 25. Umelipia kamera, waya, fundi na umeme mwezi mzima, na ulichonacho mkononi ni siku tano za watu wakinunua sukari. Vijana nao wameshaona. Kuanzia leo wote wanajua kumbukumbu ya duka lako ina urefu gani, na yule mmoja mwenye nia mbaya amejua kuliko wenzake.

Hapo hakuna kilichoharibika. Diski inasahau kwa siku sita, wewe unakumbuka kwa siku thelathini. Kuziba pengo hilo kuna namna mbili. Ya kwanza ni ya kununua: diski ya terabaiti 6 inabeba zaidi ya siku 30 za kamera hizo nne, na ukiweka mfumo mpya wa kubana picha, H.265, badala ya ule wa zamani wa H.264, nafasi inayotakiwa inaweza kushuka hadi karibu nusu. Namna ya pili haikugharimu senti: kila Jumamosi hesabu bidhaa kumi zinazobebeka haraka. Sigara, mafuta ya kupikia, maziwa ya unga, betri, wembe. Upungufu wa wiki hii utafutwe wiki hii, picha zikiwa bado zipo. Nakuomba sana uifanye hii ya pili hata kama hutafanya jingine lolote nililokuambia leo.

Lakini tuko kwenye njia ya mkato. Basi chomeka diski iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu ya ofisini. Diski za kazi hii zinatengenezwa kuandika usiku na mchana bila kupumzika. Hiyo ya kwako itachoka mapema, huku taa ya mashine ikiendelea kuwaka kijani, na habari zake utazipata siku utakapozihitaji.

Hatua ya nne: weka mashine chini ya kaunta

Iwe karibu na droo, ionekane, na kikombe cha chai juu yake. Mwizi wa usiku anayejua kazi yake anaanza nayo. Anachomoa waya, anaibeba kwapani, na ushahidi wote unaondoka naye kwenye bodaboda. Ungeifungia stoo ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli angetumia dakika ambazo hana.

UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, pia achana nayo. Kamera nne na mashine yake zinatumia kama wati 35, yaani uniti 25 hivi za Luku kwa mwezi, kiasi ambacho UPS ndogo ya kompyuta inakibeba nusu saa na zaidi. Bila hiyo, umeme ukikatika, au mtu akishusha swichi kuu nje ya ukuta, kamera zote zinalala kwa pamoja.

Hatua ya tano: usiguse nywila ya kiwandani

"Admin", kisha tarakimu zinazofuatana. Rahisi kukumbuka, na si kwako tu. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zaidi ya 60 kwenye kamera, mashine za kurekodia na rauta. Ikaingia kwenye mamia ya maelfu ya vifaa. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, vifaa vya namna hiyo vilielekezwa kwa pamoja kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti wanazozitafuta, na kwa saa kadhaa watu wengi wakashindwa kufungua Twitter, Netflix na tovuti nyingine kubwa. Miongoni mwa vifaa hivyo zilikuwamo kamera za watu waliotaka kulinda mali yao, basi.

Usidhani ni shida ya vifaa vya bei nafuu peke yake. Machi 2021 wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa kampuni ya Verkada ya Marekani kwa nywila ya msimamizi mkuu, wakaona picha za kamera zipatazo 150,000 za wateja wake, zikiwamo za hospitali na magereza. Sasa rudi kwako. Nywila yako anayo fundi aliyefunga, anayo msaidizi wake, na anayo yule kijana uliyemfukuza mwezi wa tatu. Kuibadilisha ni kazi ya dakika mbili.

Hatua ya sita: tazama kwa simu, kwenye kadamnasi

Hii ndiyo raha yenyewe. Uko harusini, au uko Guangzhou kufuata mzigo. Unatoa simu, unamwonyesha mwenzako: "Hili hapa duka langu, moja kwa moja." Anatikisa kichwa kwa heshima. Picha kamili ya megabiti 4 inakula gigabaiti 1.8 za bando kila saa, na hakuna mwizi aliyewahi kujipanga aibe dakika ile unayoonyesha watu.

Faida ya kamera ipo, bosi, na sitaki uondoke hapa ukidhani nazipinga. Mwaka 2019 mtafiti Eric Piza na wenzake walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za miaka 40. Walikuta uhalifu ukipungua kwa asilimia 13 penye kamera, na kwenye maegesho ya magari asilimia 37. Kwa uhalifu wa kutumia nguvu hawakukuta upungufu wa kutegemewa. Kamera zilizofanya vizuri zaidi ni zile zenye mtu anayezitazama na zilizokwenda pamoja na hatua nyingine, kama taa na walinzi. Kwa hiyo uwanja wako wa kupakia na kuegesha magari unastahili kamera kuliko unavyofikiri, na mlinzi wa usiku usimwachishe kazi kwa kuwa umenunua vyuma. Kamera haijawahi kumshika mtu mkono.

Faida ambayo matangazo hayaitaji sana ni ya mchana, kwenye ugomvi mdogo. Mteja anaapa alitoa noti ya elfu kumi, kijana anaapa ilikuwa elfu tano, foleni inanuna. Unarudisha picha dakika mbili nyuma, kamera ya juu ya droo inaonyesha noti ikipita kutoka kiganja hadi kiganja, na kesi imekwisha bila mtu kuvunjiwa heshima. Au dereva anadai ameshusha katoni 60, mpokeaji amehesabu 57. Hapo picha ya mlango wa mzigo inalipa gharama yake yote. Na mara nyingi anayeokolewa ni mfanyakazi aliyekuwa anakaribia kufukuzwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Hatua ya saba: wafanye wafanyakazi wote washukiwa

Ficha kamera. Usimwambie mtu. Weka moja chumba cha kubadilishia nguo, nyingine karibu na choo, na moja inayonasa sauti pale wanapokula. Baada ya hapo mpigie kijana simu saa nne asubuhi umuulize kwa nini amekaa. Mara moja, mbili, kila siku. Muda si mrefu watajifunza sehemu zote ambazo kamera haioni, na biashara ya kweli ya duka itahamia huko.

Hapa sitaki tuelewane vibaya. Chooni na pa kubadilishia nguo hapawekwi kamera, wala usijadiliane na fundi. Zaidi ya utu, kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Anayezikusanya anatakiwa kujisajili kwenye Tume, na mtu ana haki ya kujua kwamba taarifa zake zinachukuliwa na kwa kazi gani. Bango dogo mlangoni lenye maneno "Eneo hili lina kamera kwa ajili ya usalama", na kikao cha robo saa na vijana kuwaeleza kamera ziko wapi na nani anatazama picha, vinakuanzisha vizuri kuliko kuvizia. Halafu yule aliyekuwa na nia ya kudokoa ameshaonywa, na kuzuia wizi kulikuwa ndiyo haja yako tangu mwanzo.

Hatua ya nane: mrushe mtandaoni

Umepata kipande cha sekunde kumi na tano. Mtu kainama, kainuka, katoka. Kiweke kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, andika "Mwizi huyu hapa", weka na alama tatu za mshangao. Utapata pole nyingi na sifa za ushujaa.

Bosi, sikiliza. Sisi tunaijua mitaa yetu. Kelele ya "mwizi" ikishatoka, wananchi wenye hasira hawaulizi kama picha ilikuwa na vitone 12 au 250. Mtu mwenye shati linalofanana anaweza kuuawa Jumapili asubuhi akitoka kanisani, na wewe ndiye uliyeandika maneno yale. Sijui duka gani lina mzigo wa thamani hiyo. Sheria nayo haichelewi: mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ya Kenya iliitoza klabu moja ya starehe shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na huyo hata mwizi hakuwa.

Kumbuka pia kwamba kamera haichagui wa kumwonyesha. Baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, picha za kamera za jengo zilionyesha wanajeshi waliokuja kuokoa watu wakitembea na mifuko ya plastiki ya supamaketi. Ukifunga kamera dukani kwako, uwe tayari kumwona shemeji.

Hatua ya mwisho: nenda kituoni na simu

Siku imefika, umeibiwa kweli. Usihangaike kutoa picha kwenye mashine. Shika simu, irekodi skrini ya mashine huku mkono ukitetemeka na redio ikisikika nyuma, kisha nenda kachukue RB. Askari ataangalia. Kwenye kona ya picha saa itasoma saa kumi alfajiri na tarehe ya miaka mingi iliyopita, kwa kuwa betri ndogo ya saa ya mashine ilikufa na hakuna aliyeiangalia. Wakili wa mtuhumiwa ataipenda tarehe hiyo.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa namna hii mahakamani, lakini katika kuupima mahakama inaangalia taarifa ilitengenezwa na kuhifadhiwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani, na ukamilifu wake ulilindwa vipi. Video ya simu ikipiga picha ya skrini inaanza safari hiyo ikichechemea. Faili halisi lililonakiliwa kwenye flashi siku ileile, pamoja na jina la aliyelinakili, saa aliyolinakili na mahali lilipotunzwa, limeandikwa kwenye daftari, lina nafasi. Mfundishe mtu mmoja dukani kufanya hivyo kabla hamjaibiwa, kwa sababu baada ya kuibiwa mtakuwa mnagombana.

Nina ombi moja, na ni la leo. Kabla hujafunga duka jioni, kaa mbele ya mashine yako uombe picha za Jumanne ya wiki iliyopita, saa tisa alasiri. Tazama kama zipo, kama saa yake ni sahihi, kama uso wa anayeingia mlangoni unautambua. Ukikosa kimojawapo, mpigie fundi kesho asubuhi, na Jumamosi uanze kuhesabu zile bidhaa kumi.